Lita 160 na risiti ya mia tatu: kisa cha usiku mmoja yadini

Mshale wa mafuta ndio uliotoa habari. Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, mwishoni mwa Julai 2025, dereva wetu alizungusha ufunguo, taa za dashibodi zikawaka, mshale ukabaki umelala palepale chini. Akazima, akawasha tena. Akashuka na tochi ya simu. Chini ya tangi la kushoto kokoto zilikuwa zimelowa, na mtu alikuwa amemwaga juu yake mchanga wa viganja viwili vitatu ili kuficha. Harufu ya dizeli ilikuwa nzito kiasi kwamba, alivyoniambia baadaye, aliona haya kuwa hakuisikia usingizini.

Lori hilo halikuwa limeachwa kando ya barabara. Lilikuwa ndani ya yadi ya kulipia, upande wa Embakasi, Nairobi, yenye ukuta wa mabati, geti la chuma, soja mwenye koti refu, na kibao cha rangi ya manjano kinachosomeka kutoka Mombasa Road: MAEGESHO YA MALORI, ULINZI SAA 24.

Mimi ni karani wa usafirishaji katika kampuni ndogo ya malori saba. Kazi yangu ni karatasi: nani anabeba nini, kontena gani imefungwa lakiri gani, mileji (pesa ya matumizi ya safari) ya nani imetumwa, mafuta yameingia kiasi gani na yamechomeka kiasi gani. Tajiri (hivyo ndivyo madereva wanavyomwita mwenye malori, awe na pesa au asiwe nazo) akiamua jambo, mimi ndiye ninayelipiga chapa. Nasema haya mapema kwa sababu uamuzi wa kwanza katika kisa hiki ulikuwa mbovu, na uliandikwa kwa vidole vyangu.

Usiku wenyewe

Gari lilikuwa limebeba vigae vya sakafu, kontena moja, kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala. Hakuna mwizi anayejisumbua na vigae. Ni vizito, vinavunjika, na kontena ya mzigo unaopita nchini kwenda nje hufungwa lakiri ya kielektroniki ambayo Mamlaka ya Mapato inaifuatilia kwa setilaiti; ukiifungua, king'ora kinalia ofisini kwao. Mali ambayo mtu anaweza kuichukua usiku na kuiuza kabla ya jua kuchomoza ni ile iliyo tangini.

Dereva alikuwa amelala Mtito Andei usiku wa kwanza, kama inavyopaswa. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 na ushei, na Sheria ya Trafiki, kifungu cha 66A, hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Ukihesabu mizani ya Mariakani, mizani ya Athi River, milima ya Salama na kikomo cha kilomita 80 kwa saa, huwezi kuifanya safari hiyo kwa siku moja bila kuivunja sheria. Wapo wanaoifanya. Tumewazika baadhi yao.

Asubuhi ile pale Mtito tairi la trela lilikuwa limelala. Kulitengeneza kukala nusu ya siku, akaondoka saa saba mchana, na kufikia Nairobi ilikuwa giza. Angeweza kuchukua Southern Bypass aendelee, lakini alikuwa amebakiza kama saa moja ya kuendesha, na hakutaka kushuka Mai Mahiu usiku akiwa na tani zote zile mgongoni. Akaamua kulala. Uamuzi huo haukuwa na kosa, na katika mabishano yote yaliyofuata hakuna aliyeupinga, hata tajiri.

Traka, kifaa cha kufuatilia gari na mafuta yake, inasema injini ilizimwa saa mbili na dakika arobaini usiku. Getini soja alimwuliza, "Mbele au nyuma, mzee?" Mbele, chini ya taa na kamera, ni shilingi 500. Nyuma ni 300. Akasema nyuma. Ofisi ya yadi ilikuwa imefungwa, kwa hiyo soja akampa nambari yake mwenyewe ya simu atume M-Pesa, akararua risiti kutoka kwenye kitabu, akaandika nambari ya gari kwa kalamu ya bluu.

Sehemu ya nyuma nimekwenda kuiona mwenyewe siku iliyofuata, na inafaa kuielezea kwa sababu nusu ya kisa iko pale. Ardhi inateremka kidogo kuelekea ukutani. Mwanga wa taa ya getini unaishia kama mita thelathini kabla. Pale ndipo wanapowekwa malori ya kontena za baridi, yale yanayobeba parachichi na maua kwenda pwani, kwa sababu jenereta zake hunguruma usiku kucha na wateja wa mbele waliolipa mia tano hawataki kelele. Basi dereva aliyelipa mia tatu analala akiwa katikati ya jenereta mbili, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Julai, na kama mtu angepiga nyundo kwenye tangi lake asingesikia. Yule anayejua yadi ile analijua hilo kuliko sisi. Nyuma ya malori, bati moja la ukuta lilikuwa limening'inia kwa msumari mmoja wa juu. Nililisukuma kwa kidole, likafunguka kama mlango wa choo, na upande wa pili ulikuwa na kijia kilichokanyagwa hadi kikang'aa.

Kwenye mchoro wa traka, kina cha mafuta kinashuka kuanzia saa tisa na dakika kumi na mbili hadi saa tisa na dakika thelathini na saba. Dakika ishirini na tano. Lita 160. Hiyo ni mitungi minane ya lita ishirini, uzito wa zaidi ya kilo 130. Kwa gari letu lililobeba mzigo, ni safari ya kutoka Nairobi hadi kupita Eldoret.

"Kikulacho ki nguoni mwako"

Tajiri alisema maneno hayo kabla ya chai ya asubuhi kupoa. Kwa bei ya dizeli Nairobi mwezi ule, shilingi 171 na senti 58 kwa lita, hasara ilikuwa 27,450 na vichele. Dereva alikuwa ndani ya kabini, amelala futi chache kutoka kwenye tangi, na anadai hakusikia kitu. Tajiri akaniambia nikate pesa yote kwenye mshahara wa mwezi. Mshahara wake ni 32,000. Nikaandika. Nilipomaliza, mstari wa mwisho ulisomeka 4,550, na hapo ndipo mkono uliponitetemeka kidogo, si kwa huruma peke yake bali kwa sababu nilikumbuka kuwa nimewahi kusoma Sheria ya Ajira ya 2007 kwa mtihani.

Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika, lakini sharti hasara hiyo iwe imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kutokuwa makini hakutoshi, na bahati mbaya ndiyo kabisa. Na hata pale unaporuhusiwa kukata, makato yote kwa jumla hayawezi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, ambayo kwake ni 21,333. Kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa na makosa mawili: ilimhukumu mtu kwa makusudi ambayo hayajathibitishwa, na hata kama yangethibitishwa, hesabu yenyewe ilipita mpaka.

Nilimpelekea tajiri kitabu. Akasema, "Basi thibitisha kuwa si yeye." Sheria haisemi hivyo, yeye ndiye aliyepaswa kuthibitisha, lakini mwajiri ni mwajiri. Nikaenda kutazama.

Wanaokaa na malori wanajua jinsi dereva mwizi anavyoiba, na si hivi. Dereva anayeuza mafuta ya tajiri wake huuza lita ishirini, thelathini, mahali fulani kati ya Emali na Salama ambapo kuna vibanda vyenye mitungi ya njano iliyopangwa nje kama mapambo. Anauza kidogo ili hasara ijifiche ndani ya matumizi ya kawaida. Kupanda mlima, foleni ya mizani, upepo, kila kitu kinaweza kulaumiwa. Lita 160 kwa mkupuo mmoja, gari likiwa limezimwa, traka ikiwa inasoma, hazina pa kujifichia. Isitoshe, ndani ya yadi angelazimika kugawana na soja na kulipa mlangoni ili aibe mali aliyokabidhiwa mwenyewe. Hesabu hiyo haimpi faida.

Halafu kuna nati. Mafuta hayakunyonywa kwa mpira juu. Kifuniko kilikuwa na kufuli na kufuli ilikuwa salama. Walifungua nati ya chini ya tangi, ile ya kutolea maji na uchafu, wakakinga. Fundi wetu aliitoa na kuiweka mezani kwangu juu ya gazeti. Kona zake zote sita zilikuwa zimeliwa, mviringo kama kidonge, na zilikuwa na meno ya spana ya bomba, ile ya mafundi wa maji. Kwenye sanduku la vifaa vya gari lile kuna spana ya pete inayoingia nati hiyo barabara. Dereva huitumia kila wiki. Mtu mwenye ufunguo wa mlango havunji dirisha.

Tajiri aliitazama nati kwa muda mrefu, akaigeuza. Hakusema kitu. Nikachana ile karatasi ya makato mbele yake, na hakunizuia, jambo ambalo kwa tabia yake ni sawa na kuomba radhi.

Mia tatu inanunua nini?

Polisi walichukua maelezo na kutupa nambari ya OB, kitabu chao cha matukio. Bima haikuhusika, kiasi ambacho sisi wenyewe hubeba kwanza kabla ya bima kulipa ni kikubwa kuliko hasara yenyewe. Ilibaki yadi.

Msimamizi wa yadi alikuwa kijana mpole, ana leso ya kufutia miwani, na alikuwa na majibu matatu yaliyopangwa vizuri. La kwanza lilikuwa nyuma ya risiti, kwa herufi za ukubwa wa chungu: gari na vilivyomo vinaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe. La pili: pesa ilitumwa kwenye simu ya soja, haikufika kwenye akaunti ya yadi, kwa hiyo dereva wetu hakuwa mteja wao. La tatu: funguo alibaki nazo dereva, na dereva alikuwa ndani, kwa hiyo gari halikuwa mikononi mwa yadi.

Jibu la tatu ndilo lenye nguvu, na itakuwa uongo nikisema lilinitoka kirahisi. Mahakama za Kenya zimerithi sheria ya Kiingereza katika mambo kama haya, na huko kuna hukumu ya mwaka 1937, Ashby dhidi ya Tolhurst. Mtu aliegesha gari kwenye uwanja wa kulipia huko Southend, akapewa tiketi, akaenda zake. Mlinzi akamwachia mwizi aondoke na gari bila kuonyesha tiketi. Mwenye gari alishindwa kesi. Mahakama ilisema alichonunua ni ruhusa ya kuliweka gari pale, yaani nafasi. Hakuwa amelikabidhi gari kwa mtu alitunze. Tofauti hiyo, kati ya kukodi nafasi na kukabidhi mali, ndiyo mfupa wa kila ugomvi wa maegesho. Ukiweka funguo mkononi mwa mtu, amebeba dhamana. Ukibaki nazo mfukoni, mara nyingi umekodi kipande cha ardhi.

Lakini kipande kile cha ardhi kilikuwa na kibao. Ninaamini hapo ndipo yadi ilipojikwaa. Yule bwana wa Southend hakuahidiwa ulinzi. Dereva wetu aliahidiwa, kwa rangi ya manjano, herufi za urefu wa mkono, kabla hajaingia getini, na ahadi hiyo ndiyo iliyomfanya akate kona. Nyuma ya lori lililolala kandokando ya barabara hakuna kibao kama hicho, na ndiyo maana pale ni bure. Ukiondoa ulinzi, mia tatu inalipia nini? Kokoto?

Na yale maandishi ya nyuma ya risiti? Kuna hukumu nyingine ya huko huko, ya mwishoni mwa 1970, Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking. Bwana Thornton, mpiga tarumbeta, aliingia kwenye maegesho ya ghorofa, mashine ikamtolea tiketi iliyosema masharti yamebandikwa ndani. Akaumia. Wenye maegesho wakasema masharti yanawakinga na dai la mtu aliyeumia. Mahakama ikasema hapana: mkataba ulishafungwa alipofika kwenye mashine, na huwezi kumwongezea mtu masharti baada ya kukubaliana. Dereva wetu alituma pesa kwanza. Risiti ilikuja baadaye, gizani, na maandishi yakiwa upande wa nyuma.

La pili, la simu ya soja, lilinichekesha. Soja alikuwa amevaa koti la yadi, amesimama kwenye geti la yadi, akararua risiti ya kitabu cha yadi. Mteja wa saa tatu kasoro usiku atajuaje kuwa huyo si yadi? Nikamwuliza msimamizi, "Ndugu yangu, malori mengine hamsini yaliyolala hapa usiku ule yalilipa kwa nani?" Akafuta miwani.

Jambo moja analostahili kutetewa: soja alikuwa peke yake. Geti moja, malori hamsini na kitu, jenereta zinanguruma, na akiondoka getini kwenda kuzunguka, geti linabaki tupu. Sijui kama alikuwa na mkono katika wizi ule. Ninajua kwamba hata angekuwa malaika, macho mawili hayaoni pande nne.

Tulikuwa tayari kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku sitini. Nilijaza fomu, nikaambatisha picha ya kibao, picha ya bati, mchoro wa traka, ujumbe wa M-Pesa, nikampelekea msimamizi nakala kabla ya kuiwasilisha. Siku nne baadaye alipiga simu. Walitoa 13,500 na usiku kumi wa bure, mstari wa mbele. Tajiri alitaka tukatae. Nilimwambia kesi ina pande mbili, na hukumu ya 1937 haijafa. Tukapokea.

Karatasi ya mileji

Hadi hapa kisa kinaonekana ni cha yadi. Lakini kuna swali moja nililolikwepa kwa wiki nzima, nalo aliniuliza dereva mwenyewe aliporudi kutoka Kampala. Ni mtu wa Mombasa, mtu mzima, ana sauti ya chini. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akasema, "Dada, unanilaumu kwa kuchukua ya mia tatu. Ile karatasi nani aliiandika?"

Niliiandika mimi. Mileji yetu ya Kampala ni shilingi 15,000 kwa safari nzima, kwenda na kurudi, siku kumi hadi kumi na mbili. Chakula, maegesho, kuosha gari, chai ya huyu na yule, vyote humo. Kinachobaki ni chake. Mpango huo tajiri anaupenda kwa sababu hakuna risiti za kufukuzia, na mimi niliupenda kwa sababu hiyohiyo. Sasa tazama unavyofanya kazi. Safari ina usiku kama kumi wa kulipia. Akilala nyuma kila mahali, maegesho yanakula 3,000. Akilala mbele, 5,000. Kwa safari mbili kwa mwezi tofauti ni 4,000, yaani sehemu ya nane ya mshahara wake. Sisi tulimwambia mtu mwenye watoto watatu shuleni: chagua kati ya ada na usalama wa mafuta ya tajiri. Akachagua kama mzazi yeyote. Halafu tukashangaa.

Na kwa bahati huyu alilala yadini. Kuna wanaokunja pesa yote ya maegesho na kulala kwenye bega la barabara, taa zimezimwa ili betri isife, na matatu ya alfajiri inaingia chini ya trela.

Nilidhani dawa ni rahisi: ofisi ilipie mstari wa mbele, kila usiku, kila mahali. Nikakaa na kikokotoo. Malori saba, usiku ishirini kwa mwezi, nyongeza ya mia mbili: shilingi 28,000 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya hasara ya usiku ule wa Embakasi, kila mwezi, mwaka mzima. Kabla ya hapo tulikuwa tumeibiwa kwa kiwango kile mara mbili katika miaka mitatu. Tajiri aliiona hesabu ile akacheka kwa mara ya kwanza tangu wizi. "Kwa hiyo mwizi ni nafuu kuliko wewe."

Ilinichukua siku mbili kuona kwamba nilikuwa nikihesabu usiku wote kama vile ni mmoja. Mtito Andei madereva wanajuana. Wanapaki wakielekeana, mmoja anaamka kujisaidia anapiga tochi kwenye magari yote. Salgaa kuna watu nje hadi alfajiri, kelele zake zina faida. Malaba uko kwenye foleni ya mpaka, huna cha kuchagua. Mahali ambapo dereva wetu anakuwa mgeni kati ya wageni, amechoka, amefika usiku, na kila yadi ina mgongo wenye giza, ni Nairobi. Nyumbani kwetu. Nairobi kila gari linalala mara mbili kwa safari, kwenda na kurudi. Malori saba kwa usiku wanne ni 28, mara mia mbili ni 5,600. Hiyo tajiri aliikubali bila kubishana.

Tukakata shauri hivi: usiku wa Nairobi umetoka kwenye mileji. Ofisi inalipa mia tano moja kwa moja kwenye akaunti ya yadi, nambari ya gari ikiwa ndiyo kumbukumbu, na dereva anatumiwa ujumbe kabla hajafika Athi River. Mileji imepunguzwa mia sita tu, kwa ile mia tatu mara mbili waliyokuwa wakiitumia kweli. Nilitegemea shukrani. Madereva wawili walininunia mwezi mzima. Kumbe kuna yadi za mia mbili ambazo sisi hatukuzijua, na nilikuwa nimewanyang'anya mia moja kila usiku.

Madereva wa Marekani nao wanabishana juu ya jambo hilihili. Huko sheria inawapa saa kumi na moja za kuendesha na kifaa ndani ya gari kinahesabu dakika, kwa hiyo jioni nafasi kwenye vituo vya malori hugombewa, na vituo vikubwa vimeanza kuuza nafasi za kuhifadhiwa mapema. Kampuni nyingine humrudishia dereva pesa hiyo, nyingine humwachia yeye. Wana hata sheria yenye jina la dereva, Jason Rivenburg, aliyeuawa mwaka 2009 huko South Carolina alipoegesha kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa, akisubiri muda wa kushusha mzigo. Alikuwa amebakiza kilomita chache tu, na alichoibiwa ni dola saba. Sheria ya 2012 iliyobeba jina lake inahusu kuongeza nafasi za kuegesha. Dereva mmoja aliyenisikia nikisimulia alisema, "Dola saba ni karibu elfu moja. Hapa wangefanya kwa simu."

Ilivyoishia

Dereva hakukatwa hata senti. Ile 13,500 iliingia kwenye hesabu ya mafuta, na iliyobaki tajiri aliibeba mwenyewe. Mwezi wa Septemba dereva aliacha kazi. Alipata kampuni ya matangi ya mafuta inayolipa zaidi. Kabla ya kuondoka alinirudishia funguo, kitabu cha gari, na ile spana ya pete, ameifunga kwa kitambaa.

Usiku kumi wa bure tuliutumia saba. Tatu ziliisha muda. Karatasi zake zilikuwa na tarehe ya mwisho nyuma, kwa herufi za ukubwa wa chungu, na karani hakusoma.

Bado tunalala pale. Ziko yadi mbili nyingine upande ule. Moja haina ukuta, na ya pili hujaa saa kumi na mbili jioni. Bati limepigiliwa misumari minne. Soja ni mwingine. Mwezi wa Oktoba nilipita na matatu nikaona wamepaka kibao upya, rangi ileile ya manjano, inang'aa. Nilimwomba utingo anishushe nikakisome vizuri. Neno ULINZI halimo tena. Kinasema MAEGESHO YA MALORI, SAA 24, na chini yake, kwa kalamu ya rangi, mtu ameongeza: nyuma 350.